Kofia ya buluu ya kuvalia kilti: niliyoiacha, niliyoirudisha na niliyobaki nayo

Kilti ya baba mkwe, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa Kiskoti, ilinifikia mwezi wa Machi, marinda yake yote yakiwa yamesimama kama siku ilipotoka kwa fundi. Ni yadi 8 za sufu nzito, tartani, yaani kitambaa cha mirabaraba, ya ukoo wa Murray of Atholl, kijani na buluu iliyokolea, yenye mistari myembamba myekundu. Shemeji zangu wote wawili wamenizidi kimo kwa mbali, kwa hiyo mama mkwe aliamua niichukue mimi, niivae kwenye harusi ya shemeji mdogo kule Dunkeld mwezi wa Septemba. Sporani, kile kipochi cha kuning'inia mbele ya kilti, ilikuwepo, mkanda ulikuwepo, soksi ndefu zilikuwepo. Hata kofia ilikuwepo kwenye boksi lake, ila nondo walikuwa wameshaimaliza. Mama mkwe alipoinyanyua kwa vidole viwili, mwanga wa dirishani ulipenya katikati yake kama kwenye chujio la chai. Akakaa nayo magotini muda mrefu. Kisha akaniambia, "Nenda katafute kama hii. Usiniletee ya aina nyingine."

Naandika haya kwa sababu nilipoanza kutafuta sikuona mahali popote palipoelezwa kwa Kiswahili, na najua tupo wengi huku Uskoti tuliooa au kuolewa, na siku inafika unatakiwa usimame na kilti mbele ya ukweni. Kuhusu kilti yenyewe utashauriwa na kila mtu. Kuhusu kofia utaachwa peke yako.

Ya baba mkwe ilikuwa ile ambayo Waskoti wanaiita kofia ya buluu, basi. Bapa, pana kama sahani, buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, kishungi chekundu katikati, na tepe mbili zinazoning'inia kisogoni. Haina mshono popote. Wakulima na wachungaji wa nchi hii waliivaa tangu mwishoni mwa karne ya 16 mpaka karne ya 18, na waliosimama na Prince Charles Edward Stuart, aliyepigania kiti cha enzi cha ukoo wake, kwenye vita vya Culloden tarehe 16 Aprili 1746 waliivaa, wakiwa wameibandika ua la utepe mweupe. Kofia nyingine nyingi unazoziona leo zimezaliwa na hiyo. Baba mkwe aliivaa kwenye harusi, kwenye mazishi, na kila asubuhi ya baridi alipotoka na mbwa.

Niseme pia kwamba kofia mimi nimezijua tangu utotoni. Mama yangu mzazi alishona kofia za viua kwa mkono, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano macho yake yalipochoka. Kitu alichonifundisha ni kuigeuza kofia ndani nje kabla hata ya kuuliza bei. Nje fundi hukuonyesha anachotaka ukione, lakini ndani kila kosa liko wazi. Kote nilikopita kutafuta kofia hii, nilianza na hilo.

Nilianzia mtaa wa Royal Mile, Edinburgh, kwa sababu ndiko kila mtu anakoanzia. Maduka ya tartani yamepangana kuanzia karibu na ngome mpaka kule chini, kofia zimening'inizwa milangoni pamoja na mitandio na vinyago vya ng'ombe wenye manyoya marefu. Nyingine zimeshonewa kabisa nywele za bandia za rangi ya chungwa. Pauni 12. Nilizigeuza tatu: akriliki tupu, mshono wa mashine, kishungi kimebandikwa kwa gundi. Sikukaa sana.

Ya pili niliinunua mtandaoni, na hii ilinikera. Tangazo lilisema sufu asilimia 100, limetaja na neno "asilia", bei pauni 39. Kwenye picha ilipendeza. Ilipofika nikaigeuza kabla ya kuijaribu. Ndani kulikuwa na bitana nyeusi inayong'aa, na chini ya bitana mshono umezunguka ukingo wote. Yaani vilikatwa vipande viwili vya duara kwenye kitambaa, vikaunganishwa kama mto wa kochi. Kulikuwa na uzi ukining'inia kwenye mshono wenyewe. Niliukata nikaupeleka jikoni, nikaushika kwa kibanio, nikawasha kiberiti. Sufu ikiungua hunuka kama nywele na huacha majivu yanayosagika vidoleni. Ule uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kitone kigumu cheusi kama kichwa cha pini. Uzi wa mshono si kitambaa chenyewe, na kofia huenda ilikuwa na sufu ndani yake, lakini neno "asilimia 100" sikuliamini tena.

Kama unaishi huku, jua kwamba sheria inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu mzigo ufike kubadili nia, hata bila kutoa sababu. Niliwaandikia siku ya pili. Walijivuta, wakanitaka nipokee vocha badala ya fedha, nikakataa, na mwisho pauni 39 zikarudi. Posta ya kurudisha niliilipa mwenyewe. Muuzaji simtaji. Nataka tu msomaji ajue jaribio la kiberiti, linachukua nusu dakika.

Ya tatu niliiacha dukani kwa heshima. Ni duka la mavazi ya Kiskoti katikati ya Glasgow, lenye mafundi wa kilti wanaojua kazi, na kijana aliyenihudumia alikuwa mpole. Alinitolea Balmoral, kofia iliyopewa jina la kasri ambalo Malkia Victoria na mumewe Albert walilinunua na ardhi yake kule Aberdeenshire mwaka 1852. Hii ilikuwa sufu kweli, imefumwa kwa mashine kisha nyuzi zikashikanishwa kwa maji ya moto, ukanda wa miraba midogo myekundu na myeupe umezunguka kichwa, ua la utepe mweusi upande wa kushoto tayari kubandikwa beji. Pauni 48. Ukitaka kofia ya sufu ya kuvaa kesho, nunua hii na usihangaike zaidi. Inakaa vizuri kichwani na itadumu. Akanijaribisha na Glengarry, ile inayokunjika katikati kama mashua ndogo, ambayo utaiona kwa wapiga zumari na wanajeshi. Nzuri, ila kwangu ilinifanya nionekane nimevaa sare.

Tatizo la ile Balmoral lilikuwa kwamba imekuja imemalizika. Ukanda mgumu, umbo limekazwa, kila anayeinunua anatoka na kofia ileile. Niliishika nikakumbuka ya baba mkwe, jinsi upande wake wa kulia ulivyokuwa umelala juu ya sikio kwa sababu kwa miaka mingi mkono wake uliivuta hapohapo. Nikamshukuru kijana, nikaondoka.

Jumamosi moja nikaenda Makumbusho ya Taifa pale Chambers Street, Edinburgh, kwa sababu mtu alinidokeza kwamba wanahifadhi nguo za mtu wa Gunnister. Huyo ni marehemu aliyefukuliwa mwaka 1951 kwenye udongo wa mboji huko Shetland, mwili karibu wote umeisha lakini sufu imebaki: soksi, glavu, kofia mbili za kufumwa, na kipochi chenye sarafu, mpya kuliko zote ikiwa ya mwaka 1690. Udongo umezigeuza zote rangi ya kahawia. Nilichokichukua kwenye habari zake ni kwamba sufu iliyofumwa vizuri inaweza kuishi zaidi ya miaka 250 ndani ya maji na matope. Basi iliyonunuliwa mwaka huu ikishindwa na manyunyu ya Glasgow, si sufu iliyo na kosa.

Aliyeniokoa ni mama mkwe mwenyewe. Kila Jumanne anakaa na wanawake wenzake kufuma, na mmoja wao akamtajia mama mmoja wa Ayrshire anayefuma kofia za buluu kwa ajili ya watu wanaoigiza vita vya Prince Charles vya 1745. Jina lake siliweki hapa, ameniomba hivyo, kwa sababu anafanya kazi peke yake na foleni yake tayari ni ndefu. Anaishi karibu na Stewarton. Treni za kutoka Glasgow Central kwenda Kilmarnock husimama hapo, na mji wenyewe bado unaitwa mji wa kofia, maana kwa karne nyingi Stewarton na Kilmarnock zilikula kwa kazi hii. Dundee nako kulikuwa na kilima kizima cha washona kofia, Bonnethill, siku hizi kinaitwa Hilltown.

Alinipokea jikoni kwake. Kabla ya chai alichukua tepu ya fundi akanizungushia kichwani, juu ya nyusi na chini kidogo ya kile kifupa cha kisogoni. Sentimita 59. Akapima tena. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna duka lililoniuliza: "Unataka ianguke kiasi gani?" Nilikuwa nimekuja na mabaki ya ya baba mkwe kwenye mfuko wa karatasi. Akayatandaza mezani, akaigeuza ndani nje (moyo wangu ukafurahi), akapima upana: sentimita 29. Kisha akafunua ukanda, na chini yake palikuwa na kipande cha upana wa kidole ambacho jua halikuwahi kukifikia, wala nondo. Buluu yake ilikuwa hai kabisa. Akaomba abaki nacho kwa ajili ya kulinganisha rangi.

Kazi yenyewe alinieleza akiwa ameshika nyingine iliyokuwa katikati ya kutengenezwa. Hufumwa kwa mzunguko kwa sindano, kuanzia kwenye kishungi kwenda nje. Vitanzi vinaongezwa mpaka duara limekuwa pana, kisha vinapunguzwa kurudi ndani mpaka ukubwa wa kichwa. Kwa hiyo hakuna pa kuweka mshono. Katika hatua hiyo ni kitu kikubwa cha ovyo, kimelegea, unaweza kukitia kichwa cha farasi. Halafu inaingia kwenye maji ya moto na sabuni, inasuguliwa, inapigwa, inaingizwa maji baridi, inarudishwa kwenye ya moto, mpaka nyuzi zinashikana na vitanzi havionekani tena. Inasinyaa kwa kiasi anachokijua yeye kwa mkono. Zamani baada ya hapo walipitisha vichwa vikavu vya mmea wa miiba juu yake ili kuinua vinyweleo, na yeye bado anavitumia, anavyo kwenye kikapu dirishani. Rangi ni nili. Alinionyesha mikono: kucha zilikuwa za buluu.

Bei, pauni 85, nusu mkononi na nusu ikiwa tayari. Wiki tisa. Akanikumbusha jambo ambalo nakukumbusha na wewe: zile siku 14 za kubadili nia hazihusu kitu kilichotengenezwa kwa kipimo chako. Ukibadili nia baadaye, ni shauri yako.

Ilifika mwanzoni mwa Julai kwenye bahasha nene, pamoja na kile kipande cha zamani na karatasi yenye mistari sita ya mwandiko. Na hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu asiyejua anaweza kuifungua na kusikitika. Haikufanana na kofia. Ilikuwa nene, imevimba, imesimama pande zote kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Niliivaa nikajitazama kwenye kioo cha ukumbini, nikaivua haraka. Kisha nikasoma ile karatasi: hatua ya mwisho ni yako.

Nikajaza beseni maji ya uvuguvugu. Siyo ya moto, ya moto yangeisinyaza zaidi. Nikaizamisha. Kwa dakika nzima haikukubali maji, ilielea, na viputo vidogo vikatoka polepole kwenye ukingo wake, ndivyo sufu iliyobanwa vizuri inavyofanya. Ilipolowa ikawa nzito kama nyama. Maji yakaingia ubuluu hafifu. Nikaikamua kwa kuikandamiza kwenye taulo bila kuisokota, kisha nikachukua sahani ya chakula ya sentimita 27 nikaiingiza kwa ubavu kupitia tundu la kichwa. Ilibana, ikapita, nikaigeuza ikalala bapa ndani. Hapo kofia ikajifungua. Ule uvimbe wote ukavutika ukawa uso mmoja ulionyooka, na kwa vidole nikawa naufuata ukingo, nikivuta kidogo huku, nikilegeza kule, mpaka duara likatulia. Nikaiacha juu ya meza ya jikoni usiku kucha, mbali na rediata. Asubuhi ilikuwa bado na unyevu. Nikaitoa sahani, nikaivaa hivyohivyo mbichi, nikauvuta upande wa kulia ushuke mpaka kwenye sikio, nikatembea nayo nyumbani saa mbili, nikapika nayo uji. Ilipokauka, ilikauka na kichwa changu. Tangu siku hiyo haijawahi kukaa kwa mtu mwingine kama inavyokaa kwangu. Mke wangu aliijaribu, ikamgomea.

Kuhusu beji. Watu watakuuzia beji ya ukoo yenye mkanda na bizimu kuzunguka nembo. Ile nembo ni ya chifu, na mkanda unasema wewe ni mfuasi wake, kwa hiyo si pambo la kuchagua kwa uzuri. Manyoya ya tai usiguse kabisa: matatu ni ya chifu wa ukoo, mawili ni ya aliye chini yake, moja ni la mwenye nembo yake iliyosajiliwa kwa Lord Lyon, afisa anayesimamia nembo huku Uskoti. Nilifikiria ua la utepe, jeupe au jeusi, kwa sababu wakati wa vita vile vya 1745 jeupe lilikuwa la watu wa Prince Charles na jeusi la upande wa Mfalme George. Nikamuuliza mama mkwe. Akanieleza kwamba kina Murray wenyewe waligawanyika: Lord George Murray aliongoza jeshi la Prince huku kaka yake James, Duke wa Atholl, akiwa na serikali. "Mume wangu alisema hataki kuchagua kati ya ndugu," akasema. "Alivaa tupu." Basi na mimi navaa tupu, kishungi chekundu tu, na kinaitikiana vizuri na mistari ya kilti.

Kasoro zipo. Nili inatoka. Wiki za kwanza niliivua nikakuta mstari wa buluu kwenye paji la uso, na kola moja nyeupe haijarudi rangi yake mpaka leo. Niliisuuza mara mbili zaidi kwa maji baridi na siki, ikatulia. Fanya hivyo kabla ya harusi, siyo baada. Tepe za nyuma zilikuwa za poliesta inayong'aa, hazikustahili kofia hiyo. Zamani utepe ule ulikuwa kamba ya kukazia kichwani, una kazi, kwa hiyo niliutoa nikaweka wa pamba mweusi, nikaupitisha ndani ya ukingo ukikaza kweli. Nilipokuwa na sindano mkononi, nikakishona na kile kipande cha baba mkwe upande wa ndani, kwenye paji la uso, pasipoonekana. Na wiki tisa zilikuwa wiki kumi na moja.

Siku ya harusi mvua ilitukuta tukitoka kanisani, ile ya Perthshire inayokuja kwa ubavu kutoka mto Tay. Wageni walikimbilia kwenye magari. Mimi nilibaki nje kumsubiri mama mkwe na mwavuli wake. Matone yalikaa juu ya kofia kama shanga, hayakuingia, na nilipoivua kwenye gari nywele zangu zilikuwa kavu. Mama mkwe aliitazama, akanyoosha mkono, akaushusha upande wa kulia kiasi cha kidole kimoja zaidi. "Hapo," akasema.

Sasa naiweka kwenye mfuko wa pamba uliofungwa, na kila mwezi naitoa, naikung'uta, naianika hewani. Nondo wanapenda sufu iliyosahauliwa gizani. Ikipoteza umbo naitia mvuke wa birika kidogo na sahani ileile.

Mwezi uliopita shemeji mkubwa alinipigia simu akitaka namba ya yule mama wa Ayrshire. Nilimpa, nikamwambia aagize mapema, na kabla ya kuagiza apime kichwa mara tatu, asubuhi na jioni. Mimi nikiagiza tena nitaomba sentimita 60.